Picha ya Sita Nyuma ya Goli

Jumatatu, 20 Mei

Nimepata ukuta! Ukuta mzima wa nyuma ya goli, ule unaotazamana na Jukwaa la Mabati. Klabu inatimiza miaka hamsini na wanataka matukio makubwa yote ya historia yachorwe. Picha sita. Na mchoraji ni mimi!

Mwenyekiti alikuja mwenyewe kibandani, yule muuza magodoro. Alinikuta nimepiga magoti naandika TUNACHAJI SIMU kwenye ubao wa jirani. Akasema, binti Komeo, acha hayo, njoo uchore mambo ya maana. Jirani alikuwa amesimama pale pale anasikia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Halafu akanikumbusha sheria, kama vile sijazaliwa ndani ya klabu hii. Hapa kwetu jambo halipiti mpaka Jukwaa la Mabati lisimame. Rangi ya jezi, kocha mpya, wimbo mpya — linatangazwa uwanjani, na mabati wakisimama, limepita. Wakibaki wamekaa, limekufa. Kocha mmoja aliwahi kufukuzwa kabla hajamaliza kujitambulisha. Kwa hiyo siku ya sherehe kila picha itafunuliwa, na ile ambayo hawataisimamia inapigwa chokaa jioni hiyo hiyo.

Nikakimbilia kwa wazazi. Baba alikuwa barazani anakata kucha. Akasema vizuri, mwanangu, vizuri sana. Kisha akauliza bila kuinua kichwa: na lile langu limo? Baba naye! Kuna mtu anaweza kuchora historia ya klabu akaiacha penalti ya Komeo? Ndiyo picha ya sita, kubwa kuliko zote. Akaendelea na kidole gumba.

Mama akasema haya, sasa tutakula penalti, tutalala penalti, tutaamka penalti.

Alhamisi, 23 Mei

Picha ya kwanza imekamilika. Siku ya kuzaliwa klabu. Hawakuwa na jezi, wakatia fulana nyeupe kwenye sufuria la rangi ya njano, mvua ikawanyeshea kipindi cha pili, rangi yote ikachuruzika. Wanasema wachezaji walitembea na miguu ya njano wiki nzima, na mmoja alirudishwa nyumbani kutoka kazini akidhaniwa ana homa ya manjano. Nimechora miguu kumi na moja ya njano — hapana, ishirini na miwili! Nimechoka mpaka nahesabu watu wa mguu mmoja mmoja.

Nimepaka pia anga la mvua. Anga ndilo ninaloliweza kuliko yote, nani aliniamini na anga miaka yote hii ya mabango ya simu?

Jumapili, 26 Mei

Makubwa! Nimechora bao la nahodha — lile la dakika ya mwisho lililotupa ubingwa wa mkoa — kwa mguu wa kulia. Kufika saa nne asubuhi watu walikuwa wamejaa chini ya kiunzi changu kama msibani. Kushoto! Ulikuwa kushoto! Mwingine: wewe ulikuwa wapi, ulikuwa kulia, nilikuwa nimesimama hapa! Wawili nusura washikane mashati. Mmoja wao, nikimkadiria, siku ile alikuwa bado ananyonya.

Nikasema basi aitwe mwenyewe. Nahodha sasa ni fundi bomba, akaja na spana mkononi. Akaitazama picha. Akapiga teke hewani kwa kushoto. Akapiga kwa kulia, akayumba, tukamdaka. Akakuna kichwa. Mwishowe akampigia simu mkewe. Mama yule tulimsikia sote bila hata spika: kushoto, ndio mguu ulioutegua ukashindwa kuja kwenye harusi ya dada yangu!

Nimefuta. Sasa ni kushoto. Lakini nimejifunza kitu leo. Hapa sichori mpira. Nachora vichwa vya watu, na kila kichwa kina bao lake.

Jumanne, 28 Mei

Mbili kwa mpigo! Ya tatu ni basi lililoharibika njiani, mashabiki wakalisukuma mpaka uwanja wa wenyeji, na timu ikashinda ikiwa na grisi mpaka usoni. Ya nne ni siku tuliyofungwa saba.

Ndiyo, saba. Hili nimelazimishwa na Spika. Spika ni fundi cherehani, ndiye mkuu wa Jukwaa la Mabati, na jina hilo ni kwa sababu ya koo lake. Nikamuuliza, mzee wangu, kufungwa saba nako ni tukio kubwa? Akanitazama kwa huruma. Binti Komeo, sisi ndio tuliotangulia kufunga. Tuliwaongoza mabingwa wa nchi! Dakika ngapi, nikauliza. Akasema swali hilo ni la watani wetu, mwana wa kipa haliulizi.

Nimechora saa ya uwanjani na ubao wa matokeo: moja, sifuri. Spika ametoa kitambaa akafuta macho. Nampenda mtu huyu, ila Mungu amsaidie mkewe na sauti ile ndani ya nyumba.

Baba hajafika kuona hata mara moja. Si kawaida yake. Uwanja ndio nyumba yake ya pili, Mama husema ya kwanza.

Jumamosi, 1 Juni

Ya tano (kupanda daraja, kocha ananyolewa ndevu katikati ya uwanja) nimeimaliza jana. Leo nimeanza ya sita. Penalti!

Mimi sikuiona. Nilikuwa darasa la pili, niko kitandani na surua. Ila nani asiyeijua? Fainali dhidi ya watani wa jadi, mvua, uwanja tope tupu, dakika za mwisho, tunaongoza moja. Wanapata penalti. Mpigaji wao anapiga shuti la pamba, legevu, Baba anaruka kama chui, anaupangua kwa ncha za vidole. Kombe letu! Tangu siku ile anaitwa Komeo, kwa vile mlango ulifungwa. Na yule mpigaji akaitwa Pamba mpaka akaacha mpira.

Nilikuwa nimeshamchora Baba kwa mkaa, yuko hewani amenyooka, vidole vimeugusa mpira. Nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Baba! Amekuja na chupa ya chai. Akageuza ndoo ya rangi, akaketi. Akatazama muda mrefu.

Akasema: si hivyo.

Nikadhani ni mkono. Nikamwambia Baba usijali, mkono bado sijaumaliza. Akasema, si mkono, mwanangu. Mkono haukuwepo.

Nikashuka kwenye kiunzi.

Akanieleza pole pole, anapuliza chai. Kwamba yeye aliruka kulia. Mpira ulikwenda kushoto. Kwamba wakati anaruka aliteleza, miguu ikapanda juu, na mpira ukamgonga kisigino. Kisigino! Ukapaa juu ya mwamba. Yeye uso umezama topeni, haoni kitu. Akasikia uwanja unalipuka, akajua tumefungwa. Akaanza kulia pale pale. Wakaja kumwinua, akadhani wanakuja kumpiga, akajikunja. Walipombeba mabegani ndipo akaanza kuelewa. Alikuwa bado anatema matope.

Na hakuna aliyeona? Goli lilikuwa la huku, akasema, mabati wako kule, mvua kama pazia. Waliona kipa ameruka na mpira umetoka. Mengine yote wakajazia wenyewe.

Jamani, nilicheka! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Baba naye akaanza. Tumecheka wawili mpaka mlinzi wa uwanja akaja kuuliza kuna nini.

Halafu akaacha kucheka. Akasema, chora kisigino.

Nikamwambia Baba, watakuzomea. Akasema, chora kisigino, mama.

Jumapili, 2 Juni

Nimekwenda mchana kumuuliza. Kwa nini sasa? Miaka yote hii amekaa na siri yake kama mwenye nyumba anayejua bati linapovuja.

Ni kinyozi. Mwezi uliopita kinyozi wake alisafiri, akaingia saluni ya kona ya pili, mpya kwake. Akafungwa kitambaa, akapakwa povu, akaegemea. Kinyozi akanoa wembe. Ndipo Baba akamtazama kwenye kioo. Pamba! Mzee sasa, mvi kama yeye, na wembe uko kooni kwa Komeo.

Mama akadakia kutoka jikoni kwamba angekuwa yeye mwenye wembe, angepita nao mara moja.

Baba anasema shavu moja lilinyolewa kwanza. Kisha kinyozi akauliza kwa upole tu: mzee mwenzangu, ule mpira niliupiga vizuri, au siyo? Na Baba akamjibu, bwana, uliupiga vizuri sana, mimi nilikuwa nimeshaenda zangu kulia. Kinyozi akasimama na wembe hewani. Akasema, basi sikuwa nimechanganyikiwa. Akamwambia kwamba nyumbani kwake, wanawe mwenyewe, wakigombana nao wanamwita Pamba. Kwamba alijaribu kueleza mwaka ule, watu wakamwambia mfa maji, akanyamaza. Mpaka ikafika siku akaanza kuamini kwamba kweli aliupiga kilegevu.

Akamalizia shavu la pili, akakataa kulipwa.

Baba anasema: mimi nimebebwa mabegani kwa shuti la mtu mwingine, na yeye amezikwa kwa kisigino changu. Nataka alione shuti lake ukutani kabla mmoja wetu hajaondoka.

Nampenda baba yangu. Sijui kama nimewahi kuliandika popote, basi nimeliandika hapa. Nampenda baba yangu.

Jumanne, 4 Juni

Siri imekaa siku mbili. Leo Spika alipanda kiunzi bila kupiga hodi, akaona mchoro mpya: Baba uso topeni, miguu juu, mpira kisiginoni. Ukelele alioutoa nadhani uliwafikia watani wetu.

Binti, huyu ni nani? Baba. Na huu ni nini? Kisigino. Akashika kichwa. Mimi nilikuwepo, nilimwona kwa macho haya, vidole! Niliona hata kucha! Nikamwambia mwenyewe ndiye kasema. Akajibu: mwenyewe alikuwa na matope machoni, atajuaje?

Alasiri akaja Mwenyekiti, mbio mbio, tai begani. Watani wamealikwa! Viongozi wao watakaa meza kuu! Wewe unataka tuwaambie kombe letu lililetwa na kisigino? Nikamwambia kombe ni lile lile, liko kabatini kwenu, halijapungua. Akasema chora vidole, au nitamleta mtu wa vidole. Nikamwambia amlete, ila ngazi na kiunzi ni vyangu, na atanikuta nimevikalia. Hapo nilikuwa nimepandisha mori kweli. Brashi ilikuwa inamdondoshea rangi ya njano kwenye kiatu, sikuiondoa.

Mwishowe tukakubaliana kwa sheria. Mabati wataamua. Wakikaa, chokaa.

Nimempa Baba habari. Akasema sawa. Lakini nimemwona alivyokuwa anaikunja na kuikunjua ile skafu yake ya klabu. Watu wanamsimamisha mtaani kila siku ya maisha yake wamshike vidole. Watoto wanaletwa waviguse vidole vya Komeo. Anavua kitu kikubwa huyu mzee, na anakivua mbele ya watu wote. Wakimcheka vibaya, nitalipaka chokaa Jukwaa la Mabati lenyewe.

Ijumaa, 7 Juni

Imekwisha. Nimeifunika kwa turubai.

Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Tope linang'aa. Soli ya kiatu ina njumu zake zote. Na kwa mbali, mpigaji — nimemchora amesimama wima, mguu bado uko mbele, mwili umenyooka, mtu aliyepiga mpira vizuri. Hilo ndilo lililonichukua siku mbili.

Mama kaja kuona. Akainama chini ya turubai, akakaa humo. Akatoka akisema huyo ndiye mume wangu kabisa, hata kitandani hulala hivyo.

Jumamosi, 8 Juni

Asubuhi. Uwanja umejaa! Njano kila mahali. Watani nao wamekuja kwa mbwembwe zao, wamevaa viatu vya ngozi kwenye nyasi. Baba kavaa suti yake ya harusi, kifungo kimoja kimegoma. Amekwenda mwenyewe saluni kumchukua kinyozi. Wamekaa pamoja pembeni ya goli kama wakwe. Hakuna aliyemtambua.

Naandika nikiwa juu ya kiunzi, maana mimi ndiye nitakayekuwa nadondosha maturubai. Daftari liko gotini, mwandiko umekuwa wa kuku.

Saa tisa. Picha ya kwanza — wamesimama. Ya pili — wamesimama, isipokuwa yule mmoja wa mguu wa kulia, naye akavutwa shati. Ya tatu, wamesimama. Ya nne, saba kwa moja — wamesimama na kuimba! Watani wanatazamana, hawaelewi hawa ni watu wa aina gani. Ya tano, wamesimama.

Ya sita nimeidondosha.

Macho tu. Uwanja wote! Wanatazama. Wanapinda shingo kutafuta vidole. Nasikia Spika, hata akinong'ona husikika: kaeni, kaeni. Wamekaa wote. Mwenyekiti kajifunika uso kwa ratiba.

Ee Baba.

Ameinuka. Ametembea mpaka kwenye kipaza sauti, hakuitwa. Amesema: ndivyo ilivyokuwa. Mimi nilikwenda kulia. Huyu bwana hapa aliupiga kushoto, shuti safi kabisa, na kisigino changu kikaingilia mambo yasiyokihusu. Akamwinua kinyozi kwa mkono. Mnaomwita Pamba, ni huyu. Kama kuna mtu anataka kucheka, anicheke mimi.

Mtu mmoja kacheka. Wa pili. Sasa jukwaa zima! Nimeshika ngazi nishuke — hapana, ngoja. Si kicheko kibaya. Wanapiga mapaja. Mmoja analia. Mtu anapiga kelele kisigino, kisigino! Lakini hawajasimama. Wamekaa imara na kicheko chao.

Spika kafika mpaka kwenye uzio, anafoka: maneno matupu! Kama aliweza, aoneshe! Arudie! Uwanja mzima ukadaka: arudie! Arudie!

Kinyozi anatikisa kichwa. Baba anamsukuma. Katibu kaleta mpira. Jamani, wanakwenda golini! Mama kasimama kule meza kuu anapunga mikono, suti! Suti! Baba amevua koti, kalitundika kwenye nguzo ya goli. Spika amerudi kukaa mahali pake, mikono kakunja.

Kinyozi anaweka mpira. Anauweka tena. Nipo juu yao kabisa. Anamuuliza Baba kitu. Baba anajibu kwa sauti, uwanja wote usikie: pale pale, bwana! Kushoto kwangu! Mimi nakwenda kulia!

Anawatangazia! Kipa gani huyu!

Mabati yanalia. Wanainuka ili waone. Mstari wa mbele, wa pili, wa tatu. Mwenyekiti amekuja chini ya kiunzi, nasikia anamuuliza katibu kama hii inahesabika, au wanataka kuona tu. Katibu anafungua kanuni, anafunga, hajui. Spika bado kakaa. Yeye peke yake. Waliomtangulia wamemziba. Anachungulia kulia. Anachungulia kushoto. Anamvuta mtu shati, hasikilizwi —

Amesimama!

Kinyozi anarudi nyuma. Wanampigia makofi, yeye, mabati wanampigia yeye makofi. Anafuta uso kwa kitambaa chake cha kazi. Anakimbia. Anakimbia vizuri bado. Na Baba, jamani Baba, mpira hata haujaguswa na yeye ameshajitupa kulia, mzima mzima, miguu juu —